Usikimbize Mpira: Kupiga Picha za Kikapu Tabora

Ukitaka kupiga picha za kikapu Tabora, anza na jua kabla ya kufikiria kamera. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa nyuzi 45 za longitudo, mstari unaopita nje kabisa ya Tanzania, upande wa mashariki. Tabora iko karibu na nyuzi 33. Ndiyo maana jua la utosi halitufikii saa sita mchana kama tulivyofundishwa darasani. Linakuja kati ya saa sita na nusu na saa saba na kidogo. Kuzama nako linachelewa vilevile, kuanzia kama saa 12:40 jioni hadi saa 1:15, kutegemea mwezi. Dar es Salaam linatangulia kuzama kwa karibu nusu saa. Mpiga picha mgeni kutoka pwani huanza kufunga begi saa kumi na mbili, wakati mwanga wetu ndio kwanza unakolea. Mwache afunge.

Mimi naishi Mtendeni, na kamera kwangu ni shughuli ya jioni na ya Jumamosi. Hainiingizii chochote. Ninachopiga ni kikapu cha chini: mechi za shule, ligi za mkoani, mabonanza ya sikukuu, vijana wenye jezi ambazo namba zake zimebandikwa kwa plasta. Wapiga picha wa kikapu wa nchi hii wamejaa Dar es Salaam, kwenye mechi za akina Savio, JKT, Pazi na Oilers, na siwalaumu, watu wako huko. Huku kwetu, ukiondoa wiki zile ambazo UMISSETA ya taifa, michezo ya shule za sekondari, imeletwa Tabora miaka ya karibuni, mwenye kamera uwanjani mara nyingi ni mmoja. Mkiwa wengi, picha uliyoikosa mwenzako ameipata. Ukiwa peke yako, usichokipiga hakipo popote. Mbinu zote ninazozieleza hapa zinatokana na hilo.

Kwanza, mahali pa kukaa. Uwanja kamili una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na kanuni zinataka mita mbili pembeni ziachwe wazi pande zote. Heshimu mita hizo mbili hata kama uwanja ni wa saruji iliyopasuka na hakuna wa kukufukuza, kwa sababu mchezaji anayeingia golini kwa kasi hana breki. Kaa nyuma ya mstari wa mwisho, kidogo pembeni ya goli, upande ambao jua liko mgongoni mwako au begani. Kaa chini. Kigoda kinatosha, au kanga iliyokunjwa. Ukipiga umesimama, wachezaji wanakuwa wafupi na nyuma yao inajaa saruji. Ukipiga kutoka usawa wa magoti, wanapanda angani na uchafu wa uwanja unapungua. Kama magoli yako mashariki na magharibi, jioni goli moja litakuwa na jua nyuma yake. Usilikimbie. Hapo ndipo pa kupiga vivuli vya watu, umbo tupu jeusi juu ya anga la rangi ya asali, ila chagua wakati miili haijagusana, la sivyo utapata bonge lisilojulikana nani ni nani.

Mechi iliyotangazwa saa kumi huanza saa kumi na moja kasoro, kila mtu anajua. Tumia robo ya kwanza kuwasoma watu. Nani anadunda kwa mkono wa kushoto, nani huangalia pembeni kabla ya kutoa pasi, nani akikosa hucheka na nani akikosa hununa. Kocha anaita nani akiwa na hasira? Hizi ndizo taarifa zitakazokupa picha robo ya tatu na ya nne, mwanga ukishashuka na wewe ukishajua pa kuelekeza lenzi.

Mashindano ya shule yana shida yake, maana mechi hupangwa asubuhi hadi mchana. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita wima juu ya Tabora, na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Lakini kikapu kina neema ambayo soka haina: goli liko juu, mita 3.05 kutoka chini, kwa hiyo kila anayetupa huinua uso, na uso ukiinuka mwanga unaingia machoni. Mchana wa jua kali piga watupaji, hasa kwenye mitupo huru, ambapo mtu anasimama mahali pamoja, pumzi inamtoka, na wenzake wamepangana pembeni wakimtazama. Kwa anayejifunza, hakuna shule bora kuliko mitupo huru. Na picha za sura za wachezaji zipige kati ya mechi na mechi, chini ya mwembe. Mji huu wa njia ya misafara haujawahi kukosa miembe, na kivuli chake ni kizuri kuliko fleshi yoyote utakayoinunua. Mweke mtu ukingoni mwa kivuli, uso ukielekea nje kwenye mwanga, si katikati ambako majani yanamtia madoa ya jua usoni.

Kuhusu namba za kamera nitasema kwa kifupi, kwa sababu watu wanazipenda kuliko zinavyostahili. Jua la saa kumi na moja, weka spidi ya shata 1/800, lenzi ifunguliwe hadi f/4, ISO 200, kisha panda kadiri giza linavyokuja; ISO 1600 isikuogopeshe, chengachenga za picha hazijawahi kumkasirisha mama wa mchezaji. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ile ya bei nafuu, inatosha kabisa kwa nusu ya uwanja iliyo mbele yako. Nusu nyingine iache. Hii ni nidhamu ngumu kwa wanaoanza: mchezo ukienda goli la mbali, shusha kamera utazame kwa macho.

Nyuso zetu zinahitaji uangalizi wa pekee. Kamera ikiona anga jeupe nyuma ya mchezaji, inapunguza mwanga wote, na uso unazama. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mweupe, na tabia ile haijatoka yote kwenye vifaa vyetu. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili au hatua moja nzima, au pima mwanga kwenye uso wenyewe. Anga likiungua, liungue. Hatukuja kupiga anga.

Sasa kuruka. Mchezaji anayeruka sentimita 60 anakaa hewani karibu sekunde 0.7, na nusu ya muda huo yuko ndani ya robo ya juu kabisa ya mruko wake. Ndiyo sababu wengine huonekana kama wametundikwa. Kwako maana yake ni kwamba pale juu huhitaji spidi kubwa, 1/250 inaweza kutosha, na kwamba hupaswi kubonyeza anapoondoka ardhini. Subiri. Bonyeza kidogo tu kabla ya kilele, kwa sababu kidole na kamera vyote vina uvivu wao. Kwa anayetumia simu, shikilia kitufe ipige mfululizo, funga fokasi mahali unapotarajia mtu atue, na usivute zumu kwa vidole, sogea wewe.

Nimefika kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote: usikimbize mpira. Gazeti linataka mpira ukiwa ringini kwa sababu gazeti linauza matokeo. Mechi ya kwetu matokeo yake yanaandikwa kwa chaki na kufutwa na mvua. Mpira uendako macho ya kila mtu yanaenda, na lenzi yako ikienda huko itarudi na picha ile ile, mikono mingi na mpira katikati. Geuza. Mpira ukiondoka mkononi mwa mtupaji, mtazame mtupaji, si mpira. Ule muda kabla haijajulikana kama umeingia au la, uso hauna cha kuficha. Mlinzi aliyepitwa naye yuko hapo, mikono kiunoni. Na benchi! Benchi la ligi ndogo ni hazina. Kuna kijana amekaa huko mechi nzima akiwa amevaa jezi safi kuliko wote, anapiga makofi kwa kila goli la mwenzake anayecheza nafasi yake. Kuna yule aliyeumia kifundo anayetunza chupa za maji za wote. Kocha akiomba taimauti una dakika moja tu. Inuka, nenda nyuma ya kocha, piga nyuso zinazomsikiliza badala ya mgongo wake. Kisha rudi ukae.

Jambo hili la benchi linanirudisha kwa Hasheem Thabeet, kila mara. Kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, mwenye urefu wa sentimita 221, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies ya NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Februari 2010 timu ikampeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ya maendeleo, katika mji wa Bismarck, North Dakota. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko kabla yake. Vijiweni hadithi hii husimuliwa kwa kucheka, kama kisa cha mtu aliyepewa akapoteza. Mimi naisoma tofauti. Mtanzania mmoja alifika ligi kuu ya kikapu duniani, akashushwa, akacheza huko alikoshushwa, na baadaye akaendelea hadi Japani na Taiwan. Picha za siku aliyochaguliwa ziko nyingi, na suti na kofia. Ambazo ningependa kuwa nimezipiga mimi ni za Bismarck: mtu mrefu kuliko mlango, ukumbi mdogo, baridi nje, na kazi iliyopo ni ribaundi inayofuata.

Wengi wetu tunaishi Bismarck. Karani aliyekuwa apande cheo, fundi aliyerudi nyumbani baada ya mji mkubwa kumshinda, mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali na kwao. Kwenye viwanja vyetu utawaona: yule aliyekuwa nyota msimu uliopita, sasa magoti yamekataa, anaingia dakika za mwisho. Mbinu hapa ni rahisi kuisema na ngumu kuifanya. Mpige kwa uangalifu ule ule uliompiga nao alipokuwa nyota. Mwanga ule ule, subira ile ile, usimpige akiwa ameinama kwa sababu tu kuinama kunasimulia vizuri. Vijana wa kidato cha sita nao wanaondoka kila mwaka, na timu uliyoizoea huwezi kuikuta msimu ujao. Kwa hiyo mwisho wa kila mashindano piga picha ya pamoja, hata kama wewe, kama mimi, huzipendi picha za kupangana. Wao wanazipenda, na ndizo zitakazowekwa ukutani.

Ukitaka kucheza na kivuli, kuna fundi wa kumtazama. Mwaka 1987, Lisle, Illinois, Walter Iooss alipaka rangi lami ya eneo la kuegesha magari, sehemu nyekundu na sehemu ya buluu, akapanda kwenye winchi na kumpiga Michael Jordan kutoka juu akiruka kuelekea ringini, kivuli chake kimelala kwenye rangi. Winchi huna, wala Jordan. Lakini una ghorofa ya darasa, au ukuta, au tawi linalobeba uzito wako (hili la tawi fanya kwa akili zako mwenyewe). Saa kumi na moja na nusu kivuli cha mchezaji kinakuwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, na saruji tupu inayochukiza ukiwa chini inageuka karatasi safi ukiwa juu. Subiri mmoja ajitenge na kundi.

Usiku ni habari nyingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za uwanjani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona: picha moja njano, inayofuata kijani, nyingine ina mikanda ya giza. Kamera nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia kumetameta, uwashe. Kama haina, shuka hadi 1/100, ukubali kwamba hutaweza kugandisha mbio, na uhamie kwenye vilele vya miruko, mitupo huru na benchi. Au shuka zaidi, 1/30, umfuate mkimbiaji kwa kamera mkono ukienda naye, nyuma yake pageuke mistari. Nyingi zitaharibika. Fleshi usiitumie golini. Kumulika mtupaji machoni ni kumchezea rafu.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, adui ni vumbi. Badilisha lenzi ukiwa umeupa upepo mgongo na mdomo wa kamera ukitazama chini, au afadhali usibadilishe kabisa. Vumbi likiingia, tumia pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yana ukaidi kuliko vumbi. Begi lisikae chini karibu na mstari.

Kabla ya kupiga picha watoto wa shule, nenda kwa mwalimu wa michezo, mwamkie, mweleze unapiga kwa ajili gani na picha zitakwenda wapi. Si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mtu na taarifa zinazomtambulisha, na uso ni utambulisho. Kwa walio chini ya miaka 18 mimi huomba ridhaa ya mzazi pia, na mtandaoni siweki jina la mtoto pamoja na shule yake. Mabinti wengi wa hapa hucheza na hijabu na suruali ndefu. Kitambaa kikimfunguka, shusha kamera mpaka ajifunge. Hilo halihitaji sheria.

Majina, hata hivyo, yaandike. Yaweke kwenye hifadhi yako hata kama huyatangazi. Huu ni mji ambao Burton na Speke waliingia Novemba 1857, wakiuita Kazeh, na vitabu vya wasafiri wa aina yao vimejaa hesabu za vitambaa, shanga na waya. Sidi Mubarak Bombay tunamjua kwa sababu aliongoza misafara. Pagazi wa kawaida, Mnyamwezi aliyebeba mzigo wa karibu kilo 30 begani hadi pwani na kurudi, mara nyingi amebaki idadi: pagazi kadhaa wameajiriwa, kadhaa wametoroka. Waandishi walikuwepo, kalamu zilikuwepo, hawakuuliza. Mwenye kamera uwanjani leo yuko mahali pale pale walipokuwa wao, na kumuuliza mtu jina hakugharimu hata bando.

Kisha zirudishe picha. Hapa ndipo wapiga picha wa ridhaa wengi tunapotofautiana, na mimi sina uvumilivu na anayejaza kadi mwaka mzima bila mchezaji hata mmoja kuona sura yake. Chagua chache usiku ule ule, kumi nzuri ni bora kuliko mia mbili, na uzitume kabla ya Jumatatu. WhatsApp hukandamiza picha; itume kama dokumenti ili ifike nzima. Kwa yule anayemaliza shule au anayeacha kucheza, chapisha moja ya sentimita 10 kwa 15 umpe mkononi. Utashangaa jinsi wazee wake watakavyokupokea ukipita mtaani kwao, na jinsi timu pinzani itakavyoanza kukuwekea nafasi nyuma ya goli.

Faili zipange kwa mwaka, mwezi, siku na timu, kisha jina na namba ya jezi, na nakala ya pili ikae nje ya nyumba yako. Jina likikutatiza, usikisie. Nenda meza ya makarani kabla hawajakunja karatasi ya matokeo. Tahajia iko huko, na huko huko ndiko utakakoambiwa Jumamosi ijayo wanacheza uwanja gani.